Nilimjibu Cucu "Ndiyo" Mara Tatu

Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu katika nyumba ya kupanga mtaani Satellite. Kazi yangu ni ya mapokezi katika ofisi moja Kilimani. Ukinipigia simu utasikia Kiingereza kinachotiririka mpaka ujishuku. Watu hunisifu. Laiti wangejua sifa hizo zimenigharimu nini!

Baba yangu alikuwa Mkikuyu wa Kabiria, hapa jirani, mama ni Mluhya wa Kakamega. Baba aliweka sheria nyumbani: Kiingereza siku zote, Kiswahili tukiwa na wageni. Lugha za wazee, alisema, zitakuja zenyewe tukikua. Hazikuja...

Kwa desturi ya upande wake, binti wa kwanza huchukua jina la nyanya mzaa baba. Basi mimi ni Njeri, kama mama yake, tuliyemwita cucu. Alinipenda kama roho yake. Kila mwezi alitoka Kabiria kwa miguu na kikapu cha nduma, akaketi kando yangu na kunisimulia mambo kwa Kikuyu, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu.

Mimi sikuelewa hata nusu. Lakini nilikuwa nimegundua ujanja wangu mapema. Nilitabasamu, nikaitikia "Ĩĩ, cucu," yaani ndiyo. Yeye alifurahi, akaendelea. Nilifanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita. Cucu aliamini kabisa kwamba mjukuu wake anamsikia. Ningemwambiaje ukweli baada ya miaka yote hiyo?

Kisha baba akafa. Tukamzika Kabiria, kwenye kipande cha shamba alichokuwa ameonyeshwa na cucu, chini ya mti wa parachichi. Mama alikuwa na mpango mmoja tu uliobaki maishani: kujenga hapo vyumba viwili, ahame nyumba za watu, azeekee karibu na mumewe. Shamba lote lilikuwa bado kwa jina la cucu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mama alikuwa amesafiri Kakamega kumzika dada yake, baba mdogo Kamau akanipigia simu. Alisema Jumamosi wazee wa ukoo watakutana kwa cucu kugawa shamba, na mimi nimwakilishe marehemu. Nilipofika alinivuta kando, karibu na zizi la ng'ombe, akanishika bega kwa upole.

"Njeri, wakikuuliza kitu wewe sema tu ĩĩ. Cucu ni mgonjwa, hapendi mtu wa kubishana."

Upande wa baba, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba Kikuyu changu ni bure! Nilimshukuru, wapenzi wasomaji. Nilimshukuru kwa kunifichia aibu.

Wazee sita walikuwa wameketi sebuleni, chai mikononi. Cucu alinishika mkono. Alisema maneno mengi, akamtaja baba, akamtaja mama, akaniuliza kitu. Nikasema ĩĩ. Wazee wakaweka vikombe chini. Akauliza tena, polepole, akinitazama usoni. Ĩĩ, cucu. Akauliza mara ya tatu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nilidhani anamlilia baba. Nikambana mkono, nikatabasamu lile tabasamu langu la utotoni, nikasema ĩĩ.

Akauachia mkono wangu.

Wazee wote pale walijua Kiswahili. Ningemgeukia yeyote nikasema sielewi, kisa kingeishia hapo. Lakini niliogopa kuchekwa. Msichana mzima, mwenye jina la nyanya yake, hajui lugha ya nyanya yake? Niliona afadhali ninyamaze.

Baada ya siku ile cucu alibadilika. Nikimtembelea alikuwa akigeukia ukutani. Nilijiambia ananidharau kwa sababu mama si wa kabila lao, na kwa hasira nikaacha kwenda. Mwaka haukuisha, akafariki.

Siku ya mazishi, rafiki yake wa kanisani alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akanijia.

"Kumbe ni wewe ulikataa nyanya yako?"

Nikamwuliza nimemkataaje. Akashangaa. Alisema cucu alimweleza yote. "Alikuuliza, hii shamba ya baba yako, wewe na mama yako mmeikataa, iende kwa Kamau? Akakuuliza mara tatu, kwa sababu hakuamini. Wewe unacheka tu, unasema ĩĩ."

Kumbe baba mdogo alikuwa amemweleza mama yake kwamba sisi hatulitaki shamba, tunaona haya kuishi Kabiria! Na cucu, maskini, alitaka kusikia hivyo kinywani mwangu kabla ya kukubali...

Nilimwendea Kamau palepale. Hakukana.

"Mimi nilikwambia useme ĩĩ. Nani alikukataza kuuliza?"

Nikawaendea wazee.

Wazee walisema neno lililotamkwa mara tatu mbele yao halirudi. Hati ilikuwa imeshabadilishwa. Kamau aliukata ule mti wa parachichi, akajenga vyumba vya kupangisha. Makaburi ya baba na cucu sasa yako nyuma ya bafu za wapangaji, na mama akitaka kuweka maua hugonga geti kama mgeni. Hajawahi kunilaumu. Heri angenilaumu!

Majuto ni mjukuu, husemwa. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu lugha za bibi na babu zao; hazitakuja zenyewe. Na wewe kijana unayeitikia usichokielewa ili usionekane mjinga, kuuliza si ujinga. Nakusihi, uliza!

Kikuyu ninajifunza sasa, na mwalimu wangu ni mama, yule Mluhya, aliyekiokota miaka hii sokoni akiuza mboga. Jioni ya kwanza aliniuliza ningependa kuanza na neno gani. Nikamwomba anifundishe kusema "cucu, sielewi."

Nililikariri mpaka likanyooka. Jumapili nikaenda Kabiria, nikagonga geti, nikainama kwenye kaburi la cucu, nikamwambia.