Macho ya Mlinzi wa Mnara

Kila siku tukitoka shule nilikuwa na kazi moja isiyo na sifa: kupanda dungu katikati ya mpunga wetu, hapa kijijini Mamba, na kuwinga ndege mpaka jua litue. Dungu ni jukwaa la miti tu. Unakaa juu, unapiga debe, kweleakwelea wanahamia kwa jirani. Jirani naye anakurudishia.

Lakini wiki ile mwili ulikuwa kwenye dungu, roho ilikuwa kwenye kishikwambi cha Mwalimu Gideon. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa vita unaoitwa Ngome ya Kilimani. Timu yetu ilikuwa na mashujaa wanne, kila mwanafunzi na wake: mimi Mpiga Upanga, Fabiani Mlinzi wa Mnara, Glory Mganga, na Kelvin Mrusha Mishale. Mkishinda pambano mnapewa alama za kuwaongezea mashujaa ujuzi. Ukishaziweka hazirudi. Nahodha nilikuwa mimi, Scolastica, kwa hiyo mgawaji nilikuwa mimi. Basi nikajigawia.

"Nahodha, nipe hata mbili," Fabiani aliniomba siku ya Alhamisi. "Ramani yote ni ukungu. Mlinzi wangu haoni hata pua yake."

"Kuona hakuangushi adui," nilimjibu. "Upanga ndio unaangusha."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," Kelvin alisema, nao wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi tulikuwa tucheze fainali na wenzetu wa Kasansa. Washindi wangekwenda Mpanda mjini kucheza na shule nyingine za mkoa. Mpanda nilikuwa sijawahi kufika. Niliitaka safari ile mpaka chakula kikawa hakipiti, na tulikuwa na alama kumi na mbili zilizobaki.

Ijumaa, juu ya dungu, nilitoa daftari nikapiga hesabu. Nikiweka alama zote kwenye upanga, utafika ngazi ya tisa, na upanga wa ngazi ya tisa unatoa moto. Niliuchora moto wenyewe kwa kalamu nyekundu. Debe nililipakata ili nipate pa kuwekea daftari.

Niliposhtuka, mama alikuwa chini, ameshika masuke matatu matupu. Nyuma yake kundi la ndege lilikuwa linaruka kutoka kona ya mtoni, kona niliyoipa mgongo saa nzima.

"Ulilala?" aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Usingizi husamehewa.

"Hapana, mama. Nilikuwa napanga mchezo." Nikashuka, nikamwonyesha daftari, nikamweleza yote, hata ule moto.

Hakugomba, na hilo liliniuma zaidi. Aliweka kidole kwenye ukurasa. "Huyu mlinzi mbona umemwandikia sifuri?"

"Yeye hapigani, mama. Anaangalia tu."

"Baba yako alilima majaruba haya kwa plau. Mimi nimepandikiza mpaka mgongo ukagoma. Nguvu zote zimo humu. Leo tumekosa nini, Scola?"

Nilijua kilichokosekana ni macho yangu.

Jumamosi darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu Gideon alinipa kishikwambi, akasema, "Nahodha, weka alama zako." Nilimpa Fabiani nane, zote kwenye macho ya mlinzi. Nne nikampa Glory. Upanga wangu sikuugusa.

"Wewe unaumwa?" Kelvin alininong'oneza. Fabiani alivuta kiti chake karibu.

Kasansa walikuja na upanga wa moto, ngazi ya tisa kweli. Darasa zima lilimtazama mpiga upanga wao akilisogelea lango letu la mbele. Hata mimi nilimtazama. Fabiani peke yake alitazama kwingine.

"Nyuma," alisema kwa sauti ndogo. "Wawili wanapita mtoni."

Nikageuza upanga, Kelvin akageuza mishale, tukawanasa wakiwa bado majini. Yule wa moto akabaki na mwenzake mmoja. Alituchoma kweli, Glory akatutibu, yule akatuchoma tena. Mchezo ulipofika zamu ya kumi na nne akaanguka, na mwenzake akafuata. Darasa lilivyoshangilia, hata Mwalimu Gideon alisahau ualimu wake, akarukaruka nasi.

Nilikimbia moja kwa moja mpaka shambani. Mama alikuwa juu ya dungu langu anapiga debe.

"Mama, tumeshinda. Tunakwenda Mpanda."

Alishuka taratibu akanikumbatia. Nilipomsimulia habari za Fabiani, alitikisa kichwa akitabasamu.

"Mwenye upanga husifiwa na wengi, mwanangu. Mwenye macho hukumbukwa siku asipokuwepo. Ukipewa kugawa, usianze na unachokipenda, anza na palipo dhaifu. Na ukipewa kulinda, linda."

Kisha akanikabidhi debe. "Haya, mnara wako huo."

Nikapanda, nikakaa nimeelekea kona ya mtoni.