Watu wa Karatasi za Saruji

Siku hiyo tulikuwa uani, hapa Ngulyati, mimi na mkamwana wangu Rhoda, tunamenya viazi vitamu vya kukausha michembe. Kuku wamelala kivulini. Mjukuu wangu Esteria amekaa mlangoni na kazi yake ya kupaka rangi.

Niieleze hiyo kazi, maana wengine mtadhani ni ya shule. Mtoto huyu alikuwa anaazima vitabu vya hadithi kwa mwalimu wake mjini Bariadi. Akimaliza kimoja, anawachora watu wa humo kwenye daftari lake, na pembeni anaandika maneno mawili matatu: huyu alinichekesha, huyu simsamehe. Daftari alilishona mwenyewe kwa karatasi za mifuko ya saruji. Rangi nazo za kuokoteza: mkaa, binzari, bluu ya kufulia. Mimi niliishia darasa la pili, vitabu sivijui, lakini wale watu nilikuwa nawajua wote kwa sura.

"Huyu mwanamume mbona ana shingo ya mbuni?" nikamuuliza.

"Ndivyo alivyo kitabuni, Bibi."

"Basi aliyemwandika hakumpenda."

Akacheka, akaninyanyulia ukurasa nione vizuri. Macho ya yule mtu yalikuwa meupe, yanang'aa. Nikaweka kisu chini.

"Hiyo nyeupe umeitoa wapi?"

"Kwenye kile kigae, Bibi. Kule kijumbani."

Nyuma ya zizi tuna kijumba cha nyasi cha mizimu ya ukoo, na ndani yake kigae cha chokaa. Kwetu, mtoto akirithi jina la marehemu, anapakwa chokaa hiyo kwenye kope, marehemu anaitwa, naye anaona tena kwa macho ya mtoto. Akishaona, anachinjiwa kuku, anaagwa, anarudi kwao. Ndipo chokaa inafutwa. Ukiifuta kabla hajaagwa, haondoki. Anabaki na yale macho.

Sasa hawa wa vitabuni hawakuzaliwa, hawakufa, hawana kwao. Utawaaga waende wapi?

"Umewapaka wangapi?"

"Wote."

Rhoda akaangua kicheko. Rhoda ameokoka, anasali kwa sauti utadhani Mungu yuko mbali huko Lamadi. "Mayu, mama yangu, hizo ni picha tu!"

Kesho yake ndama aliamka haoni, macho yana utando. Akafuata mbuzi, naye vilevile. Kisha nikamwona Esteria anasoma kitabu kimegusa pua.

"Unaona kweli wewe?"

"Naona, Bibi. Ila wananiziba."

"Nani?"

Akaangalia nyuma yake kwanza. Akanong'ona: "Wanasoma na mimi. Wanataka nirudie mwanzo. Hawapendi walivyoishia."

Nikatuma mtu Dutwa kwa Ndalahwa, mfumu wetu, mganga wa mizimu, atuambie asiye na kwao anaagwaje. Nikamwonya Rhoda: usiguse lile daftari mpaka mzee afike. Macho ya mwanao ndiyo yako humo.

"Mtaniharibia mtoto na mashetani yenu," akasema. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo.

"Usifute, mwanamke wewe! Wape kwanza hata kuku!"

"Kuku aliwe na karatasi, Mayu?"

Akafuta. Mmoja. Mwingine. Nyeupe ilitoka upesi mno. Kila uso ulibaki na mashimo mawili.

Ndani, Esteria hakupiga kelele. Aliita mara moja, polepole.

"Mama, mbona mmefunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Hospitali walimmulika, wakasema macho ni mazima. Ndalahwa alifika, akasimama getini, akakataa hata maji. Akageuza baiskeli. Rhoda alilichoma daftari, na sasa analia kila siku. Mimi simfariji. Nani alimtuma?

Esteria anashinda uani. Anasimulia hadithi kwa sauti ya chini, anakatiza, anasubiri, kama aliyeulizwa swali. Halafu anajibu. Chooni anakwenda bila fimbo. Mkono mmoja ameunyoosha mbele, vidole vimekunjwa, kama wa mtoto anayeongozwa. Hajikwai.

Juzi nilisogeza kigoda nikaketi karibu yake.

"Bibi," akasema, "sogea kidogo."

"Kwa nini?"

"Umemkalia."

Nikainuka. Nikakipapasa kigoda. Kikavu. Lakini kitenge changu nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa, baridi kama kile kitambaa cha Rhoda kilipotoka kwenye ndoo.

Nimekifua. Nimekianika kwenye jua hili linalopasua ardhi, tangu asubuhi hadi jioni, nikakigeuza, nikakianika tena.

Hakikauki.