Maji Aliyoyaficha

Sindano ya cherehani ilimtoboa kidole mara ya tatu ndipo mshonaji alipokubali kwamba macho yake yana kasoro. Kwa mwaka mzima alikuwa akijigonga kwenye milango. Nyumbani walimtania kuwa amegombana na kuta. Alinunua miwani, akabadilisha miwani, kichwa kikaendelea kumuuma. Hedhi nayo ilikatika kabla ya wakati, lakini hilo hakumwambia mtu.

Hospitalini walimpima macho na damu, wakampiga picha ya kichwa. Daktari akawaonyesha, yeye na mumewe, uvimbe kwenye tezi ndogo kama njegere, chini ya ubongo, nyuma ya pua. Tezi hiyo huziamrisha tezi nyingine za mwili. Uvimbe haukuwa saratani, ila ulikuwa umebana mishipa ya macho. Mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, aliuliza swali moja tu: kwa nini hawakuja mapema.

Siku moja kabla ya upasuaji, nesi wa makamo aliketi kando ya kitanda. Alimuuliza dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, akamweleza saa ya kuacha kula na kunywa. Mshonaji akauliza kama watampasua fuvu.

"Hapana, mama. Utalazwa usingizi kwa dawa, nao watapita puani. Ukiamka pua itakuwa imezibwa. Utapumua kwa mdomo, na kichwa kitauma. Tutapima maji unayokunywa na mkojo unaotoa. Ukirudi nyumbani usipenge kamasi, usiiname, usinyanyue kitu kizito. Chafya ikija, fungua mdomo."

"Na macho?"

Nesi hakutaka kumdanganya. "Yanaweza kurudi, yanaweza kurudi nusu. Yamebanwa muda mrefu." Kisha akamshika mkono. "Maji yasiyo na rangi yakidondoka puani, au ukisikia chumvi kooni, rudi siku hiyo hiyo. Hayo si mafua. Ni maji yanayozunguka ubongo."

Mambo yakaenda kama alivyoambiwa. Aliamka mdomo umemkauka, kichwa kinagonga. Siku ya tatu jicho la kulia liliona dirisha lote. La kushoto liliona kivuli tu. Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na vidonge vya kufidia kazi ya ile tezi, akaonywa asiviache mpaka daktari aseme.

Siku ya tano nyumbani, alisahau akainama kuvaa viatu. Tone likaangukia goti. Kooni akasikia chumvi. Alijua ni nini. Lakini wodini alikuwa amemwona jirani yake wa kitanda akitolewa amefunikwa shuka, na hakutaka kurudi mahali pale. Akameza, akanyamaza.

Siku ya tatu tangu tone lile, mumewe alikuta mto umelowa. Akamgusa paji la uso, lilikuwa la moto. Shingo ilikuwa haikunjiki.

"Haya maji ni ya nini, mama watoto?"

"Ni yale aliyoyasema nesi. Naogopa kurudi kule."

"Nimeziba mabomba miaka ishirini. Sijaona hata moja lililojiziba lenyewe." Alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye utando wa ubongo. Alipasuliwa tena, tundu lililovujisha maji likazibwa, akatundikiwa dripu kwa wiki tatu. Kuna siku, homa ikimchanganya, alimwita mumewe kwa jina la kaka yake marehemu. Mumewe aliitika.

Alipona. Jicho la kushoto halikurudi.

Sasa humeza vidonge vyake kila asubuhi na huenda kliniki bila kukosa, mumewe akiwa naye. Ndani ya mkoba ana kadi yenye majina ya dawa zake, ili hata akizidiwa njiani watu wajue. Nesi aliwahi kumwomba azungumze na mgonjwa aliyekuwa akisubiri upasuaji. Hakumpambia maneno. Alimweleza yote, akamalizia: "Mimi nilinyamaza siku mbili. Wewe usinyamaze hata saa moja."

Dukani ameigeuza meza ya cherehani. Mteja akisimama kushoto, humwambia bila haya, "Njoo huku kulia, dada. Huko sikuoni." Kisha anampima.