Njia Inayofunguliwa na Aliye Ndani

Alasiri hiyo fundi wa kompyuta alifua shati, akaosha kikombe chake kimoja, kisha akaketi kufanya alichokuwa akikiahirisha tangu amzike mkewe: kunakili rekodi za sauti yake.

Marehemu alikuwa mtunza nyaraka, na rekodi zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini. Ukuta wa ulinzi wa mtandao wa ofisi haukumruhusu wa nje kuingia, hata abembeleze vipi. Ila wa ndani kutoka, ruksa. Hivyo alipougua, mumewe aliitegesha kompyuta ya ofisini iite ya nyumbani kila asubuhi na kuacha njia wazi. Kwa njia hiyo mama yule alifanya kazi akiwa kitandani. Alipofariki, fundi hakuwa na moyo wa kuifunga. Miezi mitano njia iliendelea kujifungua. Angalau kitu kimoja duniani kilikuwa bado kinamwita.

Aliamuru rekodi zije. Zikiwa njiani, akampigia simu aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, kumshukuru kwa kuiacha kompyuta ikiwaka.

"Kompyuta ipi, shemeji?"

"Ya mke wangu."

"Usinichekeshe! Ile diski niliitoboa kwa drili mwenyewe, mwezi wa pili sasa. Tukahama."

"Labda kuna nyingine imewekwa pale," fundi alinong'ona.

"Shemeji, jengo ni tupu. Hata umeme umekatwa."

Fundi aliitazama skrini. Njia ile haifunguliwi kutoka nje. Lazima aliye ndani aanze.

Rekodi za zamani hazikuwa zimefika hata moja. Iliyokuwa ikiingia ilikuwa na tarehe ya leo.

Akikata, huenda asiisikie tena sauti ile maishani. Asipokata, je?

Alichomoa waya wa mtandao.

Kilichokwisha kuingia kilikuwa dakika mbili tu. Akasikiliza. Nyayo. Chumba kitupu. Kikohozi anachokijua. Kisha mkewe, kwa sauti ya chini:

"Usikate, mume wangu. Nimebakiza hatua chache."

Aliurudisha waya. Haujachomolewa hadi leo, na hakuna aliyeita.

Rekodi ipo. Yule aliyefanya kazi na marehemu alikuja akaisikiliza mara moja tu, akavaa viatu vyake. Mlangoni akauliza taratibu, bila kugeuka:

"Mbona nyayo ni za watu wawili?"