Maji Yaliyochemka kwa Nyuzi Tisini na Tano

Sufuria ilikuwa ikitokota kwenye jiko la mkaa, mbele ya darasa la sita. Shule yao iko juu kwenye Mlima Meru, ambako migomba inaishia na msitu unaanza. Mwalimu Elieshi alitumbukiza kipimajoto kwenye maji.

"Irine, soma."

"Tisini na tano, mwalimu."

"Hebu soma vizuri! Maji yanachemka kwa nyuzi mia moja."

"Ni tisini na tano."

Mwalimu akachukua kipimajoto cha pili. Tisini na tano tena!

"Vyote vibovu," akasema. "Andikeni mia moja, kama kitabu kinavyosema."

Wote wakaandika, isipokuwa Irine.

"Lakini mwalimu, tumeona wenyewe."

"We mtoto mbishi! Kaa chini."

Irine akakaa. Wiki nzima hakunyoosha mkono tena, yeye ambaye sayansi ilikuwa ndiyo raha yake. Jambo hilo lilimuuma sana Mwalimu Elieshi. Akauliza kwenye simu: "Maji huchemka kwa nyuzi ngapi?" Jibu likaja chapuchapu: mia moja. Hata hivyo, moyo haukutulia.

Jumamosi alishuka mjini Arusha, akaingia maktaba. Mkutubi alikuwa mama wa makamo aitwaye Kandida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nikusaidie nini?"

Elieshi akaeleza yote, hata ule ukali wake.

"Shule yenu iko wapi?" Kandida akauliza.

"Juu, karibu na msitu."

"Sasa mbona hukuiambia simu hivyo? Taja na mahali."

Wakaandika: "maji kuchemka mlimani". Majibu yakaja mengi. Elieshi akataka kufungua la kwanza.

"Taratibu," Kandida akamzuia. "Tazama kwanza nani ameandika. Huyu hana hata jina, achana naye. Hawa ni chuo kikuu, fungua. Halafu tulinganishe na kitabu."

Akaleta kitabu cha fizikia. Vyote viwili vilikubaliana. Ukipanda juu, hewa inapungua na haiyakandamizi maji sana. Kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika mia moja. Kwenye mwinuko wa mita elfu moja na mia tano, kama wa shuleni kwao, ni karibu tisini na tano.

Elieshi akajishika kichwa. "Jamani! Kumbe mtoto alikuwa sahihi!"

"Azima kitabu," Kandida akasema. "Na ukurasa huu uhifadhi kwenye simu sasa hivi, kwa intaneti ya hapa. Shuleni utausoma bila bando."

Jumatatu Mwalimu Elieshi alisimama mbele ya darasa. Aliona aibu, lakini alisema.

"Niliwaambia muandike mia moja. Nilikosea. Irine alisoma sawasawa, nami nikamkaripia bure. Irine, nisamehe."

Akawaeleza habari ya hewa na mlima, akawaonyesha kitabu. Wakafuta mia moja, wakaandika tisini na tano.

Irine akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kule kileleni maji yanachemka kwa ngapi?"

"Sijui," Mwalimu Elieshi akasema. "Njoo na daftari lako, tutafute."