Uzi Mnene wa Besi

Kila alasiri, akishaosha vyombo na kuanika sare yake, Mbiombio alilipangusa vumbi gitaa la besi na kufanya mazoezi sebuleni. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, aliyesema mjukuu huyu alianza kukimbia kabla ya kujua kusimama. Gitaa lilikuwa la mjomba wake, fundi wa makochi, aliyemwazima kwa sharti moja tu: "Likipata hitilafu, niambie ukweli. Ukinificha, nalichukua."

Wiki ambayo shule ilijiandaa kumuaga mwalimu wa muziki, uzi mnene kuliko yote ulikatika. Wimbo wa kwanza wa hafla ulianza na besi peke yake, na mpigaji wake alikuwa Mbiombio. Mbiombio alitaka kulia, lakini mjomba hakukasirika. Alimpa pesa pamoja na ule uzi uliokatika.

"Nyuzi huchakaa, mpwa wangu. Nenda nao huu dukani, uulaze kando ya mpya. Ukilingana nao, nunua."

Uzi wenyewe ulikuwa na kutu na umejikunja ovyo. Mbiombio aliona haya kuingia nao dukani. Akauacha dirishani, akaondoka.

Dukani magitaa yalining'inia ukutani. Muuzaji, dada mmoja mcheshi, alimuuliza, "Gitaa lako lina shingo ndefu au fupi?"

Mbiombio hakujua. Lakini wavulana wawili waliokuwa wakijaribu ngoma walikuwa wakimtazama.

"Ndefu!" akajibu.

"Una hakika? Nyuzi zake hazifanani."

"Dada, mpigaji ni mimi!"

Wavulana wakacheka, naye muuzaji akamfungia uzi wa shingo ndefu, unaong'aa kama sufuria mpya.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Uzi wa besi huwa mwembamba mwishoni, ili uweze kuzungushwa kwenye kifunguo kinachoukaza. Huu ulikuwa mrefu mno, na sehemu iliyofika kwenye kifunguo ilikuwa bado nene. Badala ya kuuliza, Mbiombio aliukunja kwa nguvu. Tak! Ukakatika.

Mjomba aliporudi, alimkuta ameushika mkononi. "Kulikoni?"

"Yule dada kaniuzia uzi mbovu!" Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Mjomba alitazama dirishani, kisha akavaa viatu. "Basi twende tukamwambie."

Njiani Mbiombio alipunguza mwendo. Alikumbuka jinsi yule dada alivyomuuliza mara mbili, kwa upole. Je, angesimama pale amsikilize akilaumiwa bure? Lakini akisema kweli, gitaa lingeondoka. Walipofika mlangoni alimshika mjomba shati.

"Mjomba, ngoja. Yeye hana kosa. Aliniuliza, nikajifanya najua. Nikaukunja kwa nguvu. Hata ule wa zamani sikuja nao." Machozi yakamtoka. "Najua utalichukua gitaa."

Mjomba aliingiza mkono mfukoni, akautoa ule uzi wenye kutu.

"Niliuona dirishani, nikajua kuna jambo. Nilikuwa nakusubiri. Sasa ingia, umwambie mwenyewe."

Mbiombio aliingia akaeleza yote, mbele ya wale wavulana. Safari hii hawakucheka. Muuzaji alisikiliza, kisha akashusha gitaa kuukuu la besi lililokosa mnunuzi. Akaulaza uzi wenye kutu juu ya uzi wake mnene. Zikalingana sawasawa, naye akaufungua ule wa gitaa.

"Chukua huu, mpigaji," alisema akitabasamu. "Malipo yake, hafla yenu ikipita, nipangusie vumbi magitaa yote haya."

"Ahsante, dada! Nitayapangusa mpaka ujione uso!"

Siku ya kumuaga mwalimu, besi ilinguruma hadi madirisha yakatetemeka, na mwalimu akafuta macho. Nyuma kabisa ya ukumbi walisimama mjomba na yule dada wa dukani, wakipiga makofi. Wimbo ulipokwisha, Mbiombio alikimbia kwao. Alimshukuru dada, kisha akamwinamia mjomba na kumrudishia gitaa kwa mikono miwili.

"Nilikuficha, mjomba. Sharti ni sharti."

Mjomba alimvisha tena mkanda wa gitaa begani.

"Ulinificha, kisha ukasema mwenyewe, tena ukijua utapoteza. Kuuliza si aibu, mpwa wangu, wala kukiri kosa. Uzi ukikatika, duka lipo. Imani ya watu ikikatika, utainunua wapi?"

Mbiombio alimkumbatia kwa furaha. Keshoye, kabla hata duka halijafunguliwa, alikuwa mlangoni na kitambaa chake mkononi.