Pikapu za Marehemu

Rafiki yangu Elisaria, mpiga gitaa wa kwaya, hajagusa gitaa la umeme tangu siku aliyokwenda Kariakoo kutafuta pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Zake zilikuwa zimekufa.

Alimkuta Mwanne, muuza vifaa vya muziki, dukani kwake, chini ya ghorofa, chumba kisicho na dirisha. Mwanne alikuwa amefiwa na mumewe majuzi tu, na hata eda hakuimaliza. Akamwekea mezani pikapu mpya za Kichina, na gitaa kuukuu.

"Hili la marehemu," alisema. "Ukizipenda pikapu zake, nazing'oa sasa hivi."

"Dada, si ungewaachia watoto kumbukumbu?"

"Kumbukumbu ya nini? Jaribu, kaka."

Elisaria akachomeka waya kwenye spika, akapiga. Sauti ilitoka tamu, nzito. Kabla hajasema anazichukua, umeme ukakatika. Giza likawa nene, hata vidole vyake hakuviona.

Ndipo spika ikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo, kama ngumi kwenye mbao.

"Mwanne," ikaita sauti ya mwanamume, imekauka. "Nifungulie."

Elisaria akalikumbatia gitaa. Akasikia kanga ikichakarika. Mwanne aliinama kwenye nyuzi hadi pumzi yake ikampuliza Elisaria mkononi.

"Nilishakwambia ulale," alisema kwa upole, kama anayebembeleza mtoto.

Kugonga kukakoma. Ndani ya spika isiyo na umeme, mtu mzima akaanza kulia kwa kwikwi, akijizuia asisikike.